Daktari Aliyewauliza Akina Mama

Bibi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mjukuu kampakata, kanga imemfunika mtoto miguu yote. Ilikuwa siku ya kliniki katika kituo cha afya kimoja mkoani Morogoro, nami nilikuwa nimemsindikiza mdogo wangu na mwanawe mchanga. Zamu ya bibi ilipofika, nesi alimwamkia, akaifunua ile kanga, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, juu, karibu na vidole. Alipokiondoa kidole, shimo likabaki. Nywele za mtoto zilikuwa chache na zimegeuka rangi ya kutu. Mapajani ngozi ilikuwa na mabaka meusi, mengine yameanza kubanduka. Alikuwa na umri wa kama miaka miwili. Hakuwa akilia kwa nguvu, alikuwa akinung'unika tu, sauti ileile, mfululizo.

"Ameanza lini kuvimba hivi, bibi?"

"Tangu mama yake ashike mimba hii nyingine. Kabemendwa, mwanangu. Ziwa limeharibika."

Nesi akaweka kalamu chini. "Bibi, hayo ni mambo ya zamani. Huyu mtoto amekosa protini."

Akaandika kwenye kadi, akawaelekeza chumba cha pili, akaita jina linalofuata.

Sina neno baya juu ya yule nesi. Foleni ilikuwa imefika hadi nje kwenye mwembe, na alimpeleka mtoto mahali alipotakiwa kwenda. Lakini yale majibu mawili nimetembea nayo kichwani kwa wiki kadhaa sasa. La bibi na la nesi. Nilitaka kujua nani kati yao alikuwa anasema kweli, na kila nilipofuatilia nilijikuta narudishwa kwa mtu mmoja, mwanamke aliyefika Accra mwaka 1929 na kukuta watoto kama huyu.

## Aliyechelewa kuanza

Cicely Delphine Williams alizaliwa tarehe 2 Desemba 1893 huko Kew Park, Jamaika, katika familia ya walowezi Waingereza waliokaa kisiwani kwa vizazi. Alipelekwa Uingereza kusoma akiwa na miaka 13. Alipofika 19 alipata nafasi Oxford, lakini akairudisha, akaenda nyumbani kuwasaidia wazazi baada ya kisiwa kupigwa na matetemeko na vimbunga. Baba yake alipofariki mwaka 1916 ndipo akaanza chuo, akiwa na miaka 23.

Udaktari aliupata kwa sababu ya vita. Wanaume walikuwa mstari wa mbele, madarasa yamebaki matupu, na mlango ambao wanawake walikuwa wakifungiwa ukafunguka kidogo. Alihitimu mwaka 1923. Vita vilikuwa vimekwisha, wanaume wamerudi, na hospitali za Uingereza hazikuwa na haraka ya kumwajiri daktari mwanamke. Alihangaika. Alifanya kazi London katika hospitali za wanawake na watoto, akaenda Ugiriki kwa muda, akasomea magonjwa ya nchi za joto, hatimaye serikali ya kikoloni ikamchukua na kumpeleka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana.

Cheo chake kilikuwa "afisa tabibu wa kike". Kazi ileile ya udaktari, mshahara chini ya wanaume, na mipaka iliyochorwa mapema: yeye ni wa akina mama na watoto.

Nadhani waliomwekea mipaka hiyo waliona wanampa kipande kidogo cha kazi.

## Swali la Accra

Katika hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise, Accra, alikuta watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne wakivimba mikono na miguu, ngozi ikibadilika rangi na kubanduka, kuhara kusikoisha, wakikataa chakula na kulalamika usiku na mchana. Wengi walikufa. Wakubwa zake walikuwa na jina tayari: pelagra, ugonjwa unaojulikana kwa kuwapata watu wanaoishi kwa mahindi.

Williams hakuridhika. Pelagra hushika ngozi pale jua linapopiga: shingoni, mikononi, usoni. Watoto hawa mabaka yao yalitokea hata mahali palipofunikwa. Tena pelagra ya watoto wadogo namna hii haikuwa na sura aliyoisoma vitabuni.

Basi akauliza. Aliwauliza wauguzi wa Kiafrika aliofanya nao kazi, akawauliza akina mama wenyewe: ugonjwa huu kwenu mnauitaje? Wakamjibu kwa Kiga, lugha ya Accra: kwashiorkor, ndiyo kwashakoo yetu. Ni ugonjwa anaoupata mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo wake anayekuja.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Maana hilo ndilo alilosema bibi wa Morogoro. Wanawake wa pwani ya Accra na wanawake wa kwetu hawakuwahi kukaa kikao kimoja, lakini waliona kitu kilekile: mtoto aliyekuwa mzima anaanza kuharibika pindi mama anaposhika mimba nyingine. Waliona mpangilio wa matukio. Waliona nani hupata na lini. Daktari yeyote anayechunguza ugonjwa mpya huanzia hapohapo.

Wala sitaki kuipamba imani ya kubemenda, kwa sababu naijua. Nimekulia ndani yake. Mtoto akidhoofika, macho yote humgeukia mama. Amekiuka mwiko, amelala na mumewe kabla ya wakati, au baya zaidi, ametoka nje ya ndoa. Baba naye husemwa, ila kwa sauti ya chini. Matokeo yake mama huficha. Huogopa kupeleka mtoto kliniki kwa sababu kule benchi zima litajua. Anapelekwa kwanza kwa mganga, anafungwa hirizi, anapewa dawa ya kuoga, na siku zinakatika. Na kwa kuwa ziwa "limeharibika", mtoto huachishwa ghafla, siku moja tu, anahamishiwa uji mweupe. Hapo imani yenyewe inakamilisha kazi ya ugonjwa.

Kwa hiyo bibi alikuwa sahihi kuhusu kilichotangulia, na si sahihi kuhusu sababu. Maziwa ya mama mwenye mimba si sumu. Kinachomuumiza mtoto ni kile kinachofuata baada ya kunyimwa: tumbo linajazwa kitu kimoja, kila siku, mwezi baada ya mwezi.

Hilo la pili Williams hakuambiwa na mtu. Alilitafuta. Aliuliza watoto wanalishwa nini, akaandika: karibu wote walikuwa wanakula vyakula vya mahindi yaliyochachushwa, uji na kenkey, na zaidi ya hapo ni ziwa la mama aliyekuwa dhaifu, mgonjwa au mjamzito. Waliokufa aliwafanyia uchunguzi wa maiti kwa mikono yake mwenyewe, katika enzi ambayo hakukuwa na antibiotiki na mkwaruzo wa kisu ungeweza kumuua daktari. Ndani alikuta ini limejaa mafuta.

Yale maneno ya akina mama aliyaweka kwenye mizani sawasawa na lile ini.

## Mzee wa pelagra

Mwaka 1933 alichapisha makala yake ya kwanza katika jarida la Archives of Disease in Childhood, akieleza ugonjwa wa lishe wa watoto unaoendana na mlo wa mahindi. Kuhusu chanzo alikuwa mwangalifu sana. Alisema upungufu wa protini au wa amino asidi fulani hauwezi kuondolewa kwenye orodha. Hakusema zaidi ya hapo. Naomba msomaji akumbuke uangalifu huo, maana baadaye utapotea mikononi mwa wengine.

Hugh Stannus, bingwa wa pelagra aliyewahi kufanya kazi Nyasaland, Malawi ya leo, alimjibu kwamba hakuna jipya hapa. Ni pelagra tu. Huyu alikuwa mtu mwenye jina. Williams alikuwa afisa tabibu wa kike kutoka koloni, na kilichomuunga mkono ni maiti za watoto na maelezo ya mama zao.

Mwaka 1935 akarudi, safari hii katika jarida la kitabibu la Lancet, na akaliweka neno la Kiga kwenye kichwa cha makala: Kwashiorkor. Wakati ule magonjwa mengi yalipewa majina ya madaktari walioyaeleza, na huu nao ungeweza kuitwa ugonjwa wa Williams. Alipanga tofauti baina yake na pelagra moja baada ya nyingine, akasimama palepale.

Haikumaliza ubishi. Kwa miaka kadhaa madaktari Afrika waliendelea kuandika pelagra kwenye majalada ya watoto hawa. Hata Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kisha Uganda na ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa ugonjwa huu, alianza kwa kuuita pelagra ya watoto kabla ya kubadili msimamo.

Nimejiuliza mara nyingi ni watoto wangapi walitibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao kwa sababu aliyesema kweli hakuwa na cheo cha kusikilizwa. Hakuna anayeweza kunipa hesabu hiyo.

## Adhabu ya kuhamishwa

Accra hakukaa muda mrefu baada ya hapo. Alikuwa amewafundisha wauguzi kwenda majumbani, ameanzisha kadi za kumbukumbu kwa kila mtoto, anawapokea watoto wazima wapimwe na kuchanjwa wasije wakaugua. Kwake kinga na tiba vilikuwa kazi moja ya mtu mmoja katika jengo moja. Idara ya afya ilivitaka vitenganishwe, kila kimoja na bosi wake. Aligombana na wakubwa, na mwaka 1936 akahamishiwa Malaya, makoloni ya Waingereza ya Asia ya Kusini-Mashariki, Singapore ikiwemo, uhamisho ambao kila mtu aliuelewa kuwa adhabu.

Malaya alikuta tatizo lingine kabisa.

Accra watoto walikufa kwa sababu ziwa limeondolewa na mahindi yameingia. Singapore walikufa kwa sababu ziwa limeondolewa na kopo limeingia. Kampuni za maziwa mazito ya sukari ziliajiri wanawake, zikawavisha mavazi yanayofanana na ya wauguzi, wakapita majumbani kuwashawishi wazazi wapya kwamba maziwa ya kopo ndiyo ya kisasa. Maziwa yale hayakumfaa mtoto mchanga, na maji ya kuyachanganyia hayakuwa salama.

Mwaka 1939 klabu ya Rotary ya Singapore ilimwalika kuzungumza. Ukumbi ulijaa wafanyabiashara, wakiwemo wa maziwa. Hotuba yake aliipa jina linalotafsirika kama "Maziwa na Mauaji". Aliwaambia kwamba kama nao wangekuwa wanaona kila siku, kama anavyoona yeye, watoto wasio na hatia wakiangamizwa kwa kulishwa visivyo, basi wangekubaliana naye kwamba propaganda potofu kuhusu ulishaji wa watoto iadhibiwe kama kosa la uchochezi, na vifo hivyo vihesabiwe kuwa ni mauaji.

Alisema hivyo akiwa mtumishi wa serikali, mwanamke, amekwisha kuhamishwa mara moja kwa ukaidi.

Mwongozo wa kimataifa wa kuzuia matangazo ya aina hiyo ulipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981. Miaka 42 baadaye! Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, Kenya ikapitisha sheria mwaka 2012. Sasa hivi ukifungua simu yako utakutana na mama maarufu kashika kopo la maziwa ya watoto na tabasamu pana, hakuna vazi la unesi, ila kazi ni ileile.

## Changi

Wajapani walipoingia Malaya mwishoni mwa 1941, Williams alikuwa Trengganu. Alikimbilia Singapore, na Singapore ilipoanguka Februari 1942 alifungwa katika gereza la Changi pamoja na raia wengine. Alikaa kifungoni miaka mitatu na nusu. Wafungwa wanawake walimchagua kuwa kiongozi wao. Baadaye polisi wa kijeshi wa Kijapani, Kempeitai, walimtoa kambini wakamweka miezi kadhaa kwenye vizimba, amebanwa na watu waliokuwa wakiteswa na kufa mbele ya macho yake. Alitoka huko na beriberi iliyomharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mtaalamu wa lishe aliugua kwa kukosa lishe, na vita vilipokwisha alikutwa hospitalini, hoi.

Kitu kimoja cha Changi alikisimulia hadi uzeeni. Watoto 20 walizaliwa pale kambini. Wote 20 walinyonyeshwa. Wote 20 waliishi.

Sidhani kama kuna jaribio lolote angeweza kulipanga makusudi likamjibu wazi kuliko lile. Akina mama wenye njaa, kambi ya wafungwa, hakuna kopo hata moja la maziwa.

## Nilipoanza kumtilia shaka nesi

Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani, likiwa jipya kabisa, lilimfanya mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya mama na mtoto. Na hapo, wakati dunia ilipoanza kumsikiliza, ndipo jambo lenyewe lilipoanza kupinda.

Mwaka 1952 John Brock na Marcel Autret walitoa ripoti kwa niaba ya mashirika ya Umoja wa Mataifa baada ya kuzunguka nchi kadhaa za Afrika. Waliukuta ugonjwa kila walikopita. Ubishi wa pelagra ukaisha. Lakini lile neno la tahadhari la 1933, kwamba upungufu wa protini hauwezi kuondolewa kwenye orodha, lilikuwa limegeuka kuwa jibu kamili: ni protini. Na kama ni protini, dawa inajulikana, inapakiwa kwenye magunia, inasafirishwa. Meli za maziwa ya unga zikaanza kuja. Kamati za protini zikaundwa, wataalamu wakahangaika kutengeneza protini ya samaki, ya soya, hata ya mwani. Kwa takribani miaka 20 lishe ya mtoto wa Afrika ilizungumzwa kwa neno hilo moja.

Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika Lancet kwamba mradi huo mzima ulikuwa fedheha kubwa. Watoto wengi hawakupungukiwa protini peke yake. Walikosa chakula cha kutosha, cha namna mbalimbali, na waliugua mfululizo. Fedha na akili za watu zilikuwa zimeelekezwa mahali pasipo.

Kuna jambo lililonishtua zaidi ya hilo. Mtoto mwenye kwashakoo kali akilazwa leo, siku za kwanza hapewi protini nyingi. Anapewa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, yenye takriban gramu 0.9 tu za protini katika mililita 100, kidogo kidogo, usiku na mchana. Mwili wake hauwezi kubeba zaidi. Ini limechoka, moyo umechoka, na ukimshindilia protini mapema unaweza kumuua. Nyama na mayai ya haraka ambayo ndugu mwenye huruma angekimbilia kununua yangekuwa hatari.

Halafu kuna utafiti wa Malawi. Watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Mapacha wa nyumba moja, sufuria moja, mama mmoja. Pale utapiamlo ulipoingia, mara nyingi mmoja aliugua na mwenzake akabaki mzima. Uchunguzi ulionyesha kwamba bakteria wa utumboni wana sehemu yao katika jambo hili. Protini peke yake haielezi kwa nini pacha mmoja avimbe na mwingine acheze.

Kwa hiyo nesi naye alikuwa na kipande tu. Jibu lake lilikuwa la kitabuni, ila la kitabu cha zamani, na lilitolewa kwa uhakika ambao Williams mwenyewe hakuwahi kuwa nao. Bibi aliambiwa ya kwake ni ya zamani na mtu aliyekuwa ameshika ya mwaka 1952.

Hapo nikaelewa kilichokuwa kinanisumbua. Ukweli wa nani si hoja peke yake. Mle chumbani kulikuwa na habari ya thamani, kwamba mama ana mimba, kwamba ziwa limekatwa, na habari hiyo haikuandikwa popote. Nesi alikuwa na nafasi ya kuuliza: ameachishwa lini? Tangu hapo anakula nini? Mama yuko wapi, naye anakula nini? Badala yake neno la bibi lilifutwa, na pamoja nalo zikafutwa taarifa za mgonjwa.

## Kampala walijaribu

Si kwamba hatukuwahi kuwa na watu waliofanya tofauti. Kampala, ambako watafiti wa Kiingereza walikuwa wamejikita kwenye protini na maziwa ya unga, kulikuja mabadiliko. Mwaka 1965 ilifunguliwa katika hospitali ya Mulago sehemu ya kuwarejesha watoto katika afya, ikaitwa Mwanamugimu, kwa methali ya Kiganda inayohusu mtoto mwenye siha. Mama hakukabidhi mtoto na kusubiri dirishani. Alikaa naye, akapika. Walichopika ni kitobero, mchanganyiko wa vyakula vya palepale: ndizi au mahindi, maharage au karanga, mboga za majani, na kinachopatikana cha mnyama. Alipotoka alijua kwamba mtoto wake alipona kwa chakula ambacho angeweza kukitoa shambani kwake.

Namwona Williams ndani ya jambo hilo kuliko ndani ya magunia yote ya maziwa.

Nasi Tanzania bado hatujafika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 30, na mikoa inayoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa. Iringa ni zaidi ya nusu ya watoto. Udumavu si kwashakoo, huo ni ugonjwa mwingine na njia yake ni nyingine. Lakini hii ni mikoa inayolisha nchi mahindi! Ghala limejaa na mtoto hakui. Ukiuliza utaambiwa watu hawana elimu ya lishe. Inawezekana. Mimi ningependa kujua kwanza nani amekwenda kukaa na mama wa Njombe, msimu wa palizi, anapotoka shambani saa kumi na mbili jioni na mtoto mgongoni, akamuuliza jiko lake linawashwa mara ngapi kwa siku, na nani huamua debe lipi liuzwe.

## Nani aligundua?

Shaka moja sijaimaliza. Vitabu vinasema Cicely Williams aligundua kwashiorkor. Alikuwa binti wa walowezi, mtumishi wa dola ya kikoloni, na jina alilopata nalo sifa lilikuwa la wanawake wa Kiga waliokuwa nalo kabla hajazaliwa. Muuguzi aliyemtamkia neno lile, akamweleza maana yake, akamtafsiria maswali kwa akina mama, makala za kitaalamu hazikumpa nafasi.

Kwa muda nilielekea kusema kwamba basi hakugundua chochote, alichukua. Nimeliacha wazo hilo, na sababu ni yale mambo aliyoyaongeza juu ya alichoambiwa: orodha ya vyakula, ini lililojaa mafuta, hoja ya kuutenganisha na pelagra, na ukakamavu wa kusimama mbele ya Stannus. Akina mama wa Accra walijua ugonjwa humpata nani. Hawakujua kwamba ungeweza kuzuilika. Yeye bila wao asingejua pa kuanzia, na wao bila yeye wasingesikika London. Alistahili tuzo alizopata, ikiwemo medali ya James Spence mwaka 1965 na nishani ya juu ya nchi yake ya kuzaliwa, Jamaika. Alifundisha Beirut na Marekani, akaendelea kusafiri na kusema mpaka uzeeni, na alifariki Oxford tarehe 13 Julai 1992 akiwa na miaka 98.

Lakini wauguzi wale walistahili angalau jina kuandikwa.

Na hapa nina ombi kwa wasomaji wa ukurasa huu. Wengi wetu tuna mama, shangazi au bibi aliyekuwa nesi wa kliniki ya watoto miaka ya 1960 na 1970, vijijini, kwa baiskeli, mizani imefungwa kwenye keria. Hao ndio waliofanya kazi hii kwetu. Walijua ni nyumba zipi mtoto atavimba masika yakija, walijua nini cha kumwambia mama mkwe ili mjukuu asiachishwe ziwa ghafla, na walijua namna ya kumjibu mtu aliyesema mtoto kabemendwa bila kumfukuza. Wanazeeka. Kaa naye, muulize alikuwa anasema nini hasa, kwa maneno yake, na uyaandike kama alivyoyatamka. Andika na jina lake kamili, kama mwenyewe atakubali, na kituo alichokuwa, na miaka.